Nyumba za Kushikiwa

Machimboni, 4 Februari

Dada yangu,

Goti lako linasemaje? Mimi nipo, nakula, nalala. Mgongo unalalamika, lakini mama alisema mgongo wangu ulizaliwa ukilalamika, kwa hiyo usiuhesabu kuwa ugonjwa.

Usishangae mwandiko. Kalamu ya huku mbovu, na meza yetu ni ubao juu ya mawe mawili. Mwalimu wa darasa la tano alisema naandika kama kuku anayetafuta punje. Sasa kuku mwenyewe kazeeka.

Neno langu ni hili. Dereva wa lori la kokoto alipita kwetu. Kasema mtaa umepoa, milango mingi ina kufuli. Nikamuuliza namba kumi na tisa je? Akasema hiyo ina watu, dirisha lilikuwa wazi na shati la bluu lilikuwa kwenye kamba. Nikamwambia umekosea, hiyo ni nyumba yangu, ina miaka sita haina mtu. Akasema basi shati limejianika lenyewe.

Nani kaingia kwangu? Unajua sina kitu kingine. Kila nikiinua nyundo najiambia kuna mlango mmoja duniani ambao nikifika sipigi hodi. Mwisho wa mwaka nataka kurudi moja kwa moja. Niambie kama mlango bado ni wangu.

Mdogo wako


27 Februari

Mdogo wangu mwenye mgongo wa kelele,

Barua yako ilifika na vumbi la kokoto mpaka kwenye mikunjo, nimeipigapiga mlangoni kama mkeka. Goti lipo, linajua mvua kabla ya redio. Cherehani nayo haipumziki, mwezi huu nashona sare za shule.

Usimlaumu dereva wako. Shati ni lako, na aliyelianika ni mimi.

Mambo yako hivi. Nyumba za mtaa ni arobaini, zenye watu ni ishirini na mbili. Wengine wamekwenda kutafuta maisha kama wewe. Manispaa imetuandikia kwamba tarehe kumi na mbili Septemba mkaguzi atakuja kuhesabu. Nyumba zinazokaliwa zikipungua thelathini, mtaa unafutwa na panajengwa maghala. Tangi la maji alilojenga baba na wenzake linavunjwa. Ukumbi tulioupaka chokaa kwa mikono yetu unavunjwa. Na namba kumi na tisa yako, na ishirini yangu hapa jirani.

Unakumbuka foleni ya tangi? Mtu mwenye shughuli anaacha ndoo kwenye mstari, aliye nyuma yake anaisogeza, na akiulizwa anasema, “Yupo.” Tangu tuzaliwe hakuna aliyeruka ndoo ya mwenzake. Basi kwenye mkutano wa Umoja wa Mtaa, Mwenyekiti (yule mzee aliyekuwa akikagua tiketi kwenye treni) akasimama akasema, “Tunaoweza kushikia ndoo tunaweza kushikia nyumba.”

Tukachagua nane. Kila moja ina mtu wa kuishikia. Asubuhi anafungua madirisha, anafagia, anaweka viatu mlangoni, anaanika nguo. Jumapili Mwenyekiti anaita namba zote ukumbini ili midomo izoee kabla mkaguzi hajafika. Mwenye nyumba anasema, “Nipo.” Anayemshikia mwenzake anasema, “Yupo.” Waliokufa hatuwashikii, hilo Mwenyekiti alilikataa mapema. Fundi Viatu anamshikia binti yake, namba thelathini na tatu. Huu ni mwaka wa saba yule binti hajaandika hata mstari, lakini baba yake anapiga rangi viatu vyake kila Jumamosi.

Mimi nakushikia wewe, na katibu wa Umoja ni mimi pia, kwa hiyo ukitaka kulalamika, unalalamika kwangu. Nilimuuliza Mwenyekiti kama huu si uongo. Akasema, “Hii ni foleni, mama.”

Shati lako limepauka. Nitumie vipimo nishone jingine: bega, urefu wa mkono, kifundo. Sitaki kuanika nguo inayofanana na ya marehemu.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Nimechelewa, kulikuwa na kazi. Nimefurahi goti linatabiri mvua, siku hizi hata wataalamu wanakosea. Mpishi wetu wa huku anakusalimu. Ni mtu mzuri ila anapika kama ana ugomvi na maji.

Vipimo tumia vya zamani. Sijabadilika.

Mambo ya kuitana nayajua. Huku kila alfajiri nyapara anatuita majina mbele ya mashine ya kusagia mawe. Asiyeitikia mara mbili anafutwa, na kitanda chake anapewa mwingine palepale, godoro halijapoa. Nimelala mwenyewe juu ya joto la mtu ambaye sikuwahi kumwona. Kwa hiyo niitikie dada, nakushukuru. Tangi la baba lisivunjwe.

Ila kitu kimoja. Kiti changu cha dirishani asikikalie mtu, hata wewe. Kibaki kitupu. Usiniulize sababu, sina. Nimeandika tu kama ninavyohisi.

Mdogo wako


30 Aprili

Mdogo wangu,

Wote wazima. Sare nimemaliza, sasa nashona mapazia ya ukumbi. Mwambie Mpishi aongeze moto apunguze maji.

Shati jipya nilishona kwa vipimo vya zamani kama ulivyosema. Nililianika Jumanne asubuhi. Mchana nikaenda kulianua, halikuwa kwenye kamba. Lilikuwa juu ya kitanda, limekunjwa, mikono imeingizwa ndani. Unakumbuka mama alivyokucheka? “Mtoto huyu anakunja shati kama barua.” Nikafikiri Fundi Viatu ananitania. Nilimfuata nikamtukana vizuri. Akaniapia kwamba hajakanyaga kumi na tisa tangu uondoke.

Kisha maji. Ndoo yako naiweka kwenye foleni kila asubuhi, naijaza, namwagilia maua, basi. Wiki hii naikuta imeshajazwa na kupelekwa ndani. Kikombe kimeoshwa, kimefunikwa.

Na Jumapili. Mwenyekiti aliita namba kumi na saba, kumi na nane, akafika kumi na tisa. Nikafungua mdomo niseme “Yupo”. Nyuma ya ukumbi, karibu na mlango, mtu akasema, “Nipo.”

Watu walicheka, wakadhani ni mchezo. Mwenyekiti akatia alama akaendelea na ishirini, na ishirini ni mimi. Ilibidi aniite mara mbili.

Kiti chako sijakikalia. Siwezi kukuapia zaidi ya hapo.

Dada yako


18 Juni

Dada,

Sina salamu nyingi leo. Mzima.

Funga ile nyumba. Toa shati, toa viatu, rudisha kufuli. Kama ni mwizi, aone kufuli aondoke. Kama ni mzaha wa mtu, umekwisha. Na kama si mwizi wala mzaha, basi ndiyo ufunge zaidi.

Najua utasema macho yako yanakudanganya, au mimi nina wivu wa nyumba. Basi nikupe kitu cha kupimia. Nilikuficha. Mkono wangu wa kulia hauna kidole kidogo wala kile kinachofuata. Mashine ya mawe ilivichukua Januari, siku ya mvua, nikiondoa jiwe lililokwama. Ndiyo maana mwandiko. Ndiyo maana sikukutumia kipimo cha mkono, nilikuwa siwezi hata kushika utepe. Sitaki ulie, vimeshapona, siku za baridi tu ndiyo vinauma, vidole ambavyo havipo.

Kwa hiyo ukimwona mtu humo ndani, mtazame mikono. Mimi ni mwenye vidole vinane. Mwingine yeyote si mimi.

Mdogo wako


20 Julai

Mdogo wangu, pole.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Nililia kidogo, nikaudhika zaidi. Januari! Na mimi nakuandikia utani wa mkeka na mashati. Ungeniambia ningekuja hata kwa miguu na goti hili.

Nimemtazama mikono. Ni mizima, yote miwili.

Sasa tulia usome. Anakaa kwenye kiti cha dirishani. Haongei sana. Ametengeneza komeo la dirisha ambalo baba alipigana nalo miaka yote. Nikimtania anacheka kama wewe, kwanza puani kisha mdomoni. Anasema “dada, goti linasemaje”. Ila hajui jambo lolote lililotokea baada ya siku uliyoondoka. Hajui mama amekufa. Aliniuliza yuko wapi, nikasema amesafiri, na kesho yake akauliza tena. Begi lako jeusi liko karibu na mlango, limefungwa, kama siku ile.

Wala si wewe peke yako. Zote nane zina watu. Binti wa Fundi Viatu aliondoka ana miaka kumi na tisa na bado ana kumi na tisa. Baba yake alimletea viatu akapiga magoti kumvalisha. Mtaa mzima tunajua na hatulizungumzi. Tukikutana kwenye tangi tunaongelea ukungu kwenye kuta.

Unaniambia nifunge. Nyumba za kweli ishirini na mbili, za kushikiwa nane, jumla thelathini. Nikiifunga kumi na tisa tunabaki ishirini na tisa na wote tunakwenda. Na jambo la pili nikuambie ukweli: nilipochukua kufuli alinitazama akauliza, “Dada, nimekukosea nini?” Nikalirudisha mfukoni.

Usije kabla ya hesabu. Nakuomba.

Dada yako


15 Agosti

Dada,

Goti na cherehani, salamu zao.

Nakuja. Umesema nisije kabla ya hesabu, nimesoma mara nne, na kila nikisoma naona unaniambia nisije kabisa. Miaka sita nimebeba mawe ya majumba ya watu nisiowajua. Sikuyabeba ili mtu mwingine akae dirishani kwangu na mikono yangu mizima.

Nyapara hatoi ruhusa, kwa hiyo siombi. Mpishi kasema ataniitikia siku mbili tatu, nipate kufika mbali kabla hawajajua. Nilitaka kumkataza. Kisha nikaona ni mtu mwema anataka kunisaidia, nikamwacha.

Sitafanya fujo. Sitavunja mlango. Nitafika asubuhi, nitachukua ndoo, nitasimama kwenye foleni ya tangi nyuma ya wote, kama mtu yeyote wa mtaa ule. Nitakuuliza kitu kimoja tu, mbele ya watu: mimi ni nani wa namba gani? Lolote utakalojibu, nitalipokea.

Mdogo wako


14 Septemba

Nimeisukuma hii chini ya mlango wa namba nane. Haikuhitaji stempu, hatua sitini tu.

Mdogo wangu,

Umekula? Nimeacha chai na mkate kwenye ngazi kwa sababu sikuwa na uso wa kubisha.

Ulifika siku mbaya kuliko zote. Kama ungefika jana yake ningekukumbatia. Ulifika tarehe kumi na mbili, mkaguzi yuko pale na ubao wake wa kuandikia, kila nyumba mtu mmoja kwenye foleni na ndoo yake, Mwenyekiti amevaa koti lake la treni. Yeye wa kumi na tisa alikuwa wa nne kwenye mstari. Wewe wa mwisho. Nilikuona kabla hujasema neno. Umekonda, na nywele zimeingia kokoto. Nikaona na yeye amegeuka anakutazama.

Mkaguzi akahesabu, akafika thelathini. Akainua kalamu akakuonyesha wewe. “Na huyu?”

Ukanitazama. Hukuuliza lile swali lako. Ungeuliza ningeweza labda. Ulinitazama tu, umeshika ndoo kwa mkono ule.

Nikasema, “Mgeni. Amehamia namba nane.”

Namba nane, ya yule mpiga chapa aliyekufa bila ndugu, haina hata mlango wa nyuma. Na wewe ukainamisha kichwa ukamwambia mkaguzi, “Ndiyo, mzee, namba nane.” Akaandika thelathini na moja, akaondoka. Mtaa umepona. Watu walipiga makofi. Mimi niliacha ndoo yangu kwenye foleni nikaenda nyuma ya tangi.

Sasa sikiliza. Tumezidi kwa mmoja. Mwenyekiti ameniambia taratibu kwamba mkutano wa Jumapili ya kwanza ya Oktoba ataita namba kama kawaida, na kama mojawapo haitaitikiwa hakuna litakaloharibika. Tangu siku uliyofika, hata nikimwita mlangoni, yeye wa kumi na tisa hasemi tena “Nipo”. Anaogopa. Ananingoja mimi. Nikinyamaza, kumi na tisa itakuwa tupu, na utaingia bila kupiga hodi, kama ulivyotaka.

Nimejaribu kunyamaza, peke yangu, mbele ya kioo. Nimeshindwa. Yeye ndiye niliyemsindikiza stesheni. Wewe ndiye uliyerudi. Siwezi kuchagua, na sitajifanya naweza. Useme wewe. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza.

Dada yako


Namba nane, 6 Oktoba

Dada,

Chai nilikunywa, siku zote. Sukari unazidisha. Nyumba hii si mbaya, upepo unaingia kila mahali lakini angalau haubagui. Nimeziba pengo la mlango wa nyuma kwa ubao wa chapa alioacha marehemu, sasa ukuta una herufi zilizogeuka.

Mpishi ameniandikia. Nyapara hajanitafuta. Mpishi anasema aliniitikia siku mbili, na siku ya tatu hakuhitaji, mtu nyuma yake alisema “Nipo”. Sikumjibu bado.

Jumapili uliona kila kitu, ulikuwa umesimama pale na daftari. Lakini hukuniuliza kwa nini, na mimi kwa mdomo sijui kueleza. Kalamu afadhali, hata kwa vidole hivi.

Yule wa kumi na tisa alikuja kwangu Ijumaa. Alibisha hodi, mimi ndiye niliyefungua. Alikuwa na bisibisi. Akasema ameona komeo la dirisha langu limelegea, kama naruhusu atalikaza. Nikamruhusu. Nilikaa nikitazama mikono yake ikifanya kazi, dada. Nilikuwa nimesahau kwamba ilikuwa mizuri. Kidole kidogo kilikuwa kinapanda juu kila anapokaza, na mimi hapa kile kisichokuwepo kikawa kinauma.

Alipomaliza akaniuliza, “Mzee, vidole hivyo vimekwenda wapi?”

Aliniita mzee.

Nikamwambia, “Vimekwenda machimboni.”

Akafurahi. Akasema, “Mimi nakwenda hukohuko. Begi liko tayari. Nangoja tu mama arudi safari nimuage.” Kisha akafikiri kidogo akauliza, “Nikienda, unadhani nitarudi?”

Nilikuwa nimejipanga kumchukia, nilikuwa na maneno yangu nimeyabeba tangu huko. Yote yalinitoka. Nikamwambia, “Usiende. Kaa. Hapa pana kazi, tangi linavuja, ukumbi unataka rangi. Fungua hilo begi.” Akacheka puani kwanza. Akasema atafikiri.

Hivyo ndivyo nilivyoingia ukumbini Jumapili. Nilikuwa sijakuambia unyamaze wala useme, kwa sababu nilikuwa sijui. Nilikaa mstari wa mbele. Yeye alikuwa nyuma karibu na mlango, uliona.

Mwenyekiti akaanza. Alipofika namba nane nikataka kusema, nikakuta sina neno. Miaka sita nimesema “nipo” kila alfajiri mbele ya ile mashine, na siku hiyo, nyumbani, halikutoka. Mwenyekiti akaita mara ya pili. Ukainua macho kutoka kwenye daftari. Nikasikia kutoka nyuma, sauti yangu mwenyewe kabla haijaingia vumbi:

“Yupo.”

Mwenyekiti akatia alama.

Tisa, kumi, wakajibu. Kumi na nne, Fundi Viatu akajibu. Kumi na nane akajibu. Kumi na tisa.

Nilikuona umefumba macho na kalamu imesimama. Najua ulikuwa unaningoja. Ukumbi mzima ulikuwa unaningoja, hata wale wengine saba, wamekaa wima na nguo zao zilizonyooshwa, hawapumui. Mwenyekiti akaita mara ya pili. Kule machimboni hiyo ndiyo ya mwisho.

Sikugeuka kumtazama. Niliinua mkono, huu wa vidole vitatu, wote wauone vizuri.

Nikasema, “Yupo.”

Mdogo wako